Krismasi Yetu Ilikuwa Julai

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo nina ugomvi nanyi, na nitausema humu humu ndani ya kurasa zetu, maana nikiupeleka kwingine utaitwa umbeya. Ugomvi wenyewe ni wa Krismasi. Ndiyo, Krismasi! Nimesoma hadithi zenu, zilizochapwa na zile tunazopokezana zimebanwa pini kwenye kona, na nimechoka kukutana na mtoto yule yule. Mtoto wa kijijini, tarehe 25 Desemba, kavaa nguo mpya, kuku kachinjwa, pilau linanukia mpaka nyumba ya tatu, baba karudi kutoka mjini na mkate na redio, na babu kakaa chini ya mwembe anagawa hekima kama peremende. Mtoto huyu yuko Songea, yuko Tanga, yuko Bukoba, yuko Singida. Popote mwandishi anapomtaka, yupo. Mwandishi kamtoa kwenye kitabu cha shule, aliyeandika kitabu cha shule kamtoa kwenye kitabu kingine, na tukifuatilia sana huko nyuma tutakuta theluji.

Kwetu Malampaka hakuwahi kufika.

Kwa wale ambao ramani yao inaishia stendi ya Mbezi: Malampaka iko wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, ule uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu kubwa ya Shinyanga. Tuko kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928. Yeyote aliyewahi kupanda treni ya Mwanza ameshapita kwetu, ila wengi walipita wamelala.

Sasa sikilizeni. Desemba kwetu ni mwezi wa jembe. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba mvua ikishakaa, na Krismasi inawakuta watu wako katikati ya kupanda, kupunguza miche na kupalilia. Kihenge kimeshuka. Mahindi mabichi bado miezi miwili. Fedha ya msimu uliopita imekwisha zamani, na Januari inakuja na madaftari na sare. Kuku? Kuku wa Desemba ndiye daftari la Januari, nani amchinje! Tulikwenda kanisani asubuhi, tukaimba kwelikweli, tukarudi, tukala ugali wa mtama na nsansa iliyoungwa karanga, na saa tisa baba alikuwa ameshafunga ng'ombe kwenye plau. Sikumbuki kuona huzuni yoyote katika jambo hilo. Lilikuwa jambo la mvua tu, na mvua haina dini.

Sikukuu yetu ilikuwa Julai. Pamba ikishachumwa, ikachambuliwa sebuleni mpaka watu tunakohoa nyuzi, ikapelekwa mizanini, ikalipwa, hapo ndipo mwaka ulipofunguka. Ndipo fundi cherehani wa barazani kule stesheni alipopima watoto mmoja mmoja kwa kamba yenye mafundo, na akasema maneno yale yale kila mwaka, "Huyu amerefuka, kitambaa hakitoshi." Ndipo mama aliponunua sufuria na jozi ya kanga, baba akanunua tairi la baiskeli na taa ya kuipamba baiskeli hiyo hiyo. Ndipo kuku alipochinjwa, tena wawili. Ndipo ndugu walipotembeleana, mahari zikasemwa, na ngoma zikatoka.

Na ngoma zenyewe! Mnaandika "ngoma za asili zilirindima usiku kucha". Zipi? Kwa nini? Usukumani kuna pande mbili, Bagika na Bagalu, zilizochukua majina ya waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Hizo pande mbili hazichezi zamu kwa zamu kama kwaya kwenye mashindano ya parokia. Zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Kwa hiyo mtazamaji ndiye hakimu, tena anahukumu kwa miguu! Ukihama kwenda kutazama nyoka wa upande wa pili, umeshapiga kura. Nyumbani kwetu baba ni wa Bagika, wajomba zangu ni Bagalu, na kuanzia Juni mpaka Agosti mama aliishi kati ya jeshi mbili. Ukikaa vibaya uwanjani unanyimwa maziwa jioni. Kuna hadithi hapo au hakuna? Wewe mwenye "ngoma zilirindima" umeiacha hadithi nzima chini, umeokota sauti.

Tuseme kuhusu fedha, maana waandishi vijana mnaogopa tarakimu kana kwamba zitaharibu lugha. Msimu wa 2022 bei ya pamba ilifunguliwa kwa shilingi 1,560 kwa kilo. Msimu wa 2023 ilifunguliwa kwa 1,060. Chukua nyumba iliyovuna kilo 600, si tajiri wala si hohehahe. Mwaka wa kwanza inapokea 936,000, mwaka unaofuata inapokea 636,000. Jasho ni lile lile, mgongo ni ule ule. Hiyo laki tatu iliyoyeyuka ndiyo sikukuu yenyewe: ndiyo vitambaa vya fundi cherehani, kuku wawili, nauli ya kwenda kwa shangazi Malya, na soda za watoto uwanjani. Mwandishi atakayeandika Julai ya 2023 Malampaka bila kujua tarakimu hiyo ataandika "baba alikuwa na hasira siku hizo" na hatajua kwa nini.

Majirani zetu Waislamu wa pale stesheni walikuwa na bahati ambayo sisi hatukuwa nayo, sikukuu yao inatembea. Miaka ya 2016 mpaka 2019 Idi el-Fitri iliangukia kati ya Julai mwanzoni na Juni mwanzoni, yaani imeingia ndani ya fedha ya pamba kama mkono kwenye mfuko. Jamani, hizo Idi! Sisi wote tulikuwa Waislamu kwa siku mbili. Sasa mwezi umeshasogea, Idi imerudi kwenye miezi ya njaa na mapalilio, na sahani zinazovuka barabara zimepungua ukubwa, ingawa hazijakatika.

Nikiwa darasa la sita niliandika haya kwenye insha. Kichwa kilikuwa "Jinsi Nilivyosherehekea Sikukuu ya Krismasi". Mimi nikaandika nilipalilia. Mwalimu mmoja, simtaji, akanipa 4 kwa 20 na kuandika kwa kalamu nyekundu kwamba nimetoka nje ya mada. Mwenzangu wa dawati moja, ambaye siku hiyo tulipalilia naye mstari mmoja, aliandika pilau na puto, akapata 17. Simlaumu mwenzangu, alikuwa na akili ya mtihani. Lakini nawauliza ninyi mliokwisha maliza mitihani: mbona bado mnaandika puto?

Sasa tuje kwenye kazi za mikono, maana hapo ndipo damu inaponichemka.

Katika hadithi zenu mama "alikuwa ameketi akisuka kikapu". Halafu anaingia mtu, mazungumzo yanaanza, kikapu kimekufa. Kikapu chenu ni pambo tu, kama ua la plastiki juu ya televisheni. Hivi mmewahi kumwona mtu akisuka kikapu? Kwanza nyasi. Nyasi haziokotwi tu. Kwetu zilitoka kwenye ngitiri, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lije kuwasaidia ng'ombe kiangazi, na ngitiri ina mwenyewe na ina sheria, ukikata bila ruhusa utaitwa mbele ya wazee. Ngitiri zilikuwa zimekaribia kufa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule watu waliouita HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulizikuta zimebaki kidogo, na sehemu kubwa ya kazi yake ikawa kuwaambia watu warudie walichokuwa wakikijua. Kwa hiyo kikapu cha mama yangu kina siasa ya ardhi ndani yake kabla hata hajakaa chini. Kisha katani ya kushonea: inapigwa, inaparwa, inalowekwa, inakaushwa, inasokotwa pajani mpaka ngozi ya paja inakuwa ngumu. Mama ana doa gumu kwenye paja la kulia. Ninyi mnaoandika sana juu ya mapaja, hilo doa hamjawahi kuliona!

Kuna kibuyu pia. Kibuyu cha maziwa kikipasuka hakitupwi, kinashonwa. Unatoboa matundu kwa msumari wa moto kando ya ufa, huku na huku, unapitisha uzi kama unashona kidonda, unaziba kwa nta. Nyumbani kuna kibuyu chenye mishono mitatu ya watu watatu, mmoja wa bibi, mmoja wa mama, na mmoja mbaya mbaya wa dada yangu alipokuwa na miaka tisa. Huo mbaya ndio unaovuja. Hakuna aliyeufumua.

Kihenge ndicho nilichokijua mimi kwa mwili. Baba na baba mdogo walikisuka kwa fito, wakakikandika kwa udongo na samadi, wakakivika paa la nyasi linaloinuliwa kama kofia. Kila mwaka kabla ya mavuno mapya mtoto mwembamba hushushwa ndani afagie. Mtoto mwembamba nilikuwa mimi. Mle ndani kuna joto, kuna wadudu, na ukisema neno linakurudia. Bibi alisimama nje na kuniuliza, "Limebaki?" nami nikasema limebaki au halijabaki. Basi. Huo ndio ulikuwa mkutano wa bajeti.

Na chakula cha kiangazi! Michembe na matobolwa mnavichanganya, tena mchana kweupe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yanakatwa na kuanikwa. Matobolwa unaweza kuyatafuna makavu ukiwa unachunga, michembe ukiitafuna kavu utajuta, ile inataka chungu na karanga. Kwenye hadithi moja niliyopewa niisome, mchunga ng'ombe anatafuna michembe njiani kutoka Maswa mpaka Bariadi. Nilitaka kumtumia yule mchungaji daktari wa meno.

Najua mnachosema sasa hivi. Mnasema, jamaa kageuka mtu wa makumbusho. Hata kidogo! Kwanza mimi silii juu ya mtungi. Ndoo ya plastiki ni nyepesi, haivunjiki, na dada yangu aliyekuwa akichota maji kilomita mbili anaijua faida yake kuliko mshairi yeyote anayelilia mtungi akiwa na bomba nyumbani. Pili, kazi za mikono za nyumbani kwetu zilikuwa kazi, na sehemu kubwa ilikuwa kazi ya wanawake na watoto ambayo haikulipwa hata senti. Kuipaka rangi ya dhahabu ni kumwibia mama mara ya pili. Ninachodai mimi ni usahihi. Ukitaka kumpa mama kikapu kwenye hadithi, jua kikapu. Hujui, mpe kiti akae tu, apumzike.

Na usahihi huu si mchezo. Nitawaambia kwa nini.

Kwetu miti ilifyekwa sana wakati wa ukoloni na baadaye, kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kwa ajili ya kupanua mashamba ya pamba. Kuni zikawa adimu. Watu wakapikia mabua ya pamba, wakapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Moshi wake mnaujua? Hamuujui. Unakaa ndani ya msonge kama mgeni asiyeaga. Mwanamke aliyeanza kupika akiwa na miaka saba na sasa ana sabini, akakaa kwenye moshi huo miaka sitini na tatu, akichemsha viazi vya matobolwa, akikausha nsansa, akichoma vyungu, macho yake yatakuwaje? Yatakuwa mekundu. Na Shinyanga, Mwanza, Tabora, na huko kwetu, wanawake wazee walikatwa mapanga kwa sababu ya macho hayo, wakiitwa wachawi. Miaka ya 1990 magazeti yaliandika habari hizo mpaka zikawa za kawaida, na mauaji yaliendelea baada ya hapo.

Sasa fungueni hadithi zenu. "Kikongwe mwenye macho mekundu alitoka kwenye kibanda chake." Nimekihesabu kikongwe hicho katika hadithi sita za vijana kwa mwaka mmoja, sita! Katika nne ni mchawi kweli, katika mbili anadhaniwa mchawi halafu anageuka mwema. Hakuna hata moja inayosema alikuwa akipika nini.

Huyo ni bibi yangu, jamani. Mtu aliyekuwa akiniuliza limebaki au halijabaki. Minong'ono ilipoanza, baada ya ng'ombe wawili wa jirani kufa kwa wiki moja, baba hakungoja ya tatu. Alimpakia kwenye treni ya kwenda Mwanza, ashuke Malya kwa shangazi, na kapu moja na kile kibuyu cha mishono. Alikaa huko miaka minne. Sisi watoto tuliambiwa amekwenda kutembea. Kwa hiyo kila Julai tulipokwenda Malya na nguo zetu mpya, tukiimba ndani ya behewa la daraja la tatu, tulikuwa tunaiita ile safari ya sikukuu. Mama alikuwa akibeba matobolwa mengi kuliko yanayohitajika na alikuwa haimbi.

Mwandishi anayejua moshi unatoka wapi hawezi kumwandika yule kikongwe kama mnavyomwandika. Hilo tu.

Kuna kundi la pili linalonikera, nalo ni la wale wanaosema hayo mambo yote yameshahifadhiwa, sisi waandishi tuendelee na mambo mengine. Yamehifadhiwa wapi? "Bujora," wananiambia. Haya, twende Bujora. Makumbusho ya Wasukuma yako pale Kisesa, karibu na Mwanza, yalianzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, Mkanada, aliyefika Bujora miaka ya 1950, na yalifunguliwa mwaka 1968. Namheshimu yule padri, na kila Juni wakati wa Ekaristi kuna Bulabo, sikukuu ya ngoma ambayo Bagika na Bagalu wanakutana humo humo kwenye uwanja wa kanisa, jambo ambalo mapadri wengine wa zama zake wasingelivumilia. Tulikwenda mwaka mmoja familia nzima, treni mpaka Mwanza, daladala mpaka Kisesa, watoto tumetapika kwa zamu. Ilikuwa safari tamu kuliko zote. Lakini mama alisimama mbele ya kibuyu kimoja kilichowekwa kwa heshima zote, akakiangalia muda mrefu, akasema kwa sauti ambayo kila mtu alisikia, "Hiki kimepasuka. Mbona hawajakishona?"

Makumbusho hutunza kitu, na hiyo ndiyo kazi yake, haiwezi kumtunza mtu anayeshtuka kwamba kitu hicho kinavuja. Huyo anatakiwa kutunzwa na hadithi, na wenye hadithi mko wapi? Mko kwenye puto.

Au wananiambia Nane Nane. Maonyesho ya kitaifa yalifanyika kwetu Simiyu, viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, kwa miaka mitatu, 2018, 2019 na 2020. Nilikwenda. Matrekta yalikuwepo, mbegu zilikuwepo, hotuba zilikuwepo. Katika banda moja niliona vikapu na vyungu vimepangwa juu ya kitambaa cha bluu na karatasi imeandikwa "KAZI ZA ASILI", na nyuma yake wameketi mama watatu waliokatazwa kuinuka mpaka mgeni rasmi apite. Mgeni rasmi akapita, akakishika kikapu kwa vidole viwili, akasema tudumishe utamaduni wetu. Hakuuliza kinachukua siku ngapi, hakuuliza bei. Utamaduni, naona, ni kazi ambayo imeshaondolewa bei.

Wasukuma tunadumishwa namna nyingine pia, kwenye vichekesho. Msukuma ni yule mshamba mwenye lafudhi nzito, baiskeli iliyopambwa, redio mkononi, miwani ya jua usiku. Mnacheka, hata mimi nimecheka, kuna waigizaji wenye kipaji. Lakini ile redio mnajua ilinunuliwa lini? Julai! Yule mtu mnayemcheka yuko kwenye Krismasi yake. Amelima miezi tisa, amelipwa mara moja, kajipamba, katoka mnadani kuonwa. Ninyi mnajipamba Desemba mkapiga picha ufukweni Coco, nani anawacheka?

Nirudi kwenye uandishi. Mhariri mmoja nilimpelekea hadithi yenye kurasa kumi na mbili juu ya familia inayosuka kihenge kwa siku tatu. Akairudisha na maneno mawili: "Hakuna mgogoro." Chini akaongeza kwamba maneno kama nsansa na shikome niyaelezee kwenye mabano. Kwa nini biriani haielezwi kwenye mabano? Kwa nini upatu, kwa nini kibarazani, kwa nini udaku? Shikome ni moto wa jioni wa nje ambapo wazee walikaa na vijana kuzungumza, na ukiwa na akili kidogo utalielewa neno hilo kwenye sentensi ya pili bila mabano. Msomaji wa Tanga si mtoto. Mimi nilijifunza bahari kwenye vitabu nikiwa sijawahi kuona maji makubwa kuliko lambo la ng'ombe, na hakuna aliyeniwekea mabano kwenye jahazi.

Na hilo la "hakuna mgogoro"! Ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilisubiri. Ilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafa. Ndani yake mtu anataka mke wake arudi, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Kwa hiyo Kitereza anakuonyesha jinsi ya kupata ndizi, kuziivisha, kuzikamua, kuichachusha, kuibeba, na watu wa kuibeba. Kurasa kwa kurasa! Mhariri wetu angezikata zote. Lakini pombe ile ndiyo mgogoro. Ikiharibika, mke harudi. Kazi ya mikono imebeba ndoa nzima kichwani, na ukiruka namna ya kuitengeneza huelewi kwa nini mwanamume mzima anaogopa mtungi. Miaka thelathini na mitano kazi hiyo ilikaa bila mchapaji, na leo vijana tunafundishwa kukimbia kurasa kama hizo kabla hata ya kufikishwa kwa mchapaji.

Ukerewe imetupa Kitereza, ikatupa Kezilahabi, ikatupa Ruhumbika. Kisiwa kimoja! Sisi wa upande wa bara, kabila kubwa kuliko yote nchini kwa idadi, tumetoa nini kwenye riwaya ya Kiswahili kinacholingana na wingi wetu? Naliuliza kwa uchungu, na wivu kidogo.

Tena muda haupo. Reli mpya ya Mwanza mpaka Isaka iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021, na tuta lake linapita huko huko kwetu. Mimi sipingi reli, nani mjinga apinge reli. Ila nimepanda treni ya umeme ya Dar kwenda Dodoma iliyoanza 2024, nikaangalia dirisha. Halifunguki. Safi kabisa, kuna kiyoyozi. Sasa karanga zitapitia wapi? Malampaka pana nyumba zilizosomesha watoto kwa dirisha la treni, kwa mayai ya kuchemsha, kuku wa kubanika, karanga kwenye vifuko vilivyofungwa kwa mshumaa. Kufunga kifuko cha karanga kwa moto wa mshumaa bila kukiunguza, gizani, treni imeshapiga honi, hiyo nayo ni kazi ya mikono. Dada yangu alikuwa anafunga hamsini kwa usiku mmoja. Nitajieni hadithi moja yenye vidole hivyo.

Basi toleo lijalo mnaosoma miswada, na mimi nimo, nimeshasema kwenye kikao na narudia hapa: hadithi ya kijiji ikija na pilau la Desemba nitauliza pamba ililipwa lini. Ikija na kikongwe nitauliza kuni. Mtaniita mkorofi, sawa.

Mwenyewe nimeshaanza. Ile hadithi ya kihenge naiandika upya, nimeiongezea siku ya nne. Kulikuwa na jambo moja silijui, kikapu cha kupimia mtama kinaanzwa na mishono mingapi kitakoni, nikamwambia mdogo wangu aniulizie kwa mama. Jibu limekuja juzi kwa simu, kama lilivyo: "Mwambie aje ahesabu mwenyewe. Na aje na viatu vya baba yake, namba 42, vyeusi, pamba imeshapimwa."